Kwa Nini Mfumo wa Duka Lako Hausomeki

Jijini Dar es Salaam, kuanzia Banana, kupita Ukonga Mombasa hadi Gongo la Mboto, daftari la mauzo linazidi kutoweka kaunta. Maduka ya dawa, maduka ya vifaa vya ujenzi, shule binafsi na vyama vya kuweka na kukopa vimehamia kwenye kompyuta ya mezani yenye printa ndogo ya risiti pembeni. Kilichomo ndani ya kompyuta hiyo watu hukiita mfumo: mfumo wa duka, mfumo wa shule, mfumo wa hospitali. Mara nyingi umetengenezwa na kijana mmoja au wawili waliosoma Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, au ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Kijitonyama, au waliojifunzia nyumbani kwa video za YouTube.

Mifumo hii mingi haikai mtandaoni. Bando linaisha, intaneti inasuasua, na mteja aliyesimama kaunta na noti mkononi hawezi kuambiwa asubiri. Kwa hiyo mtengenezaji huweka kila kitu ndani ya kompyuta ile ile ya dukani. Hutumia XAMPP, kifurushi cha bure kinachoigeuza kompyuta ya kawaida kuwa seva ndogo, na programu yenyewe huiweka katika folda iitwayo htdocs. Kazi ya miezi mingi inakaa humo kama maandishi ya kawaida yanayofunguka kwa Notepad. Anayejua folda ilipo anahitaji flashi na dakika chache tu. Akibadilisha nembo, jina la duka na rangi ya kurasa, mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya Ukonga unaweza kuuzwa Mbagala wiki hiyo hiyo, kwa nusu ya bei, na mtu ambaye hakuandika hata mstari mmoja.

Ndiyo sababu baadhi ya watengenezaji huvuruga msimbo kabla ya kuukabidhi.

Msimbo chanzo ni maandishi ambayo mwandishi wa programu huyaandika kwa mkono wake, katika lugha ambayo binadamu anaweza kuisoma. Tuchukue mstari mmoja wa mfumo wa duka ulioandikwa kwa PHP: $jumla = $bei * $idadi - $punguzo; Hata mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kukisia kinachofanyika hapo. Mstari huo huo ukipitishwa kwenye programu ya kuvuruga hutoka hivi: $_k9=$_0a*$_x2-$_zz; Hesabu ni ile ile na jibu ni lile lile, ila majina yenye maana yameondoka. Katika mfumo mzima, maelezo ambayo mwandishi alijiandikia yamefutwa, mistari elfu kadhaa imeunganishwa kuwa utepe mmoja usio na nafasi, na michepuko na mizunguko isiyo ya lazima imeongezwa ili kumchosha anayefuatilia. Mashine haijali, kwa sababu haijawahi kuhitaji majina mazuri.

Swali linalokuja mara moja ni kwa nini mteja apewe msimbo chanzo kabisa. Programu nyingi tulizozizoea kwenye Windows huja zikiwa zimekwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, tarakimu tupu ambazo ni kazi ngumu kuzirudisha katika maandishi ya awali. Zamani haikuwa hivyo. Katika zama za kompyuta kubwa zilizojaza chumba kizima, wateja wa IBM walizoea kupewa programu pamoja na msimbo chanzo wake, wakairekebisha wapendavyo. Mwaka 1983 IBM ilitangaza sera ya kutoa programu mpya katika lugha ya mashine peke yake, na wateja wake wengi walilalamika sana. Kampuni zilizokua pamoja na kompyuta ndogo ziliichukua njia hiyo tangu mwanzo: mteja anapata programu, msimbo unabaki nyumbani.

Hata hivyo kuna wauzaji ambao njia hiyo haikuwafaa, na mfano mzuri zaidi ni wa kampuni ya Marekani iitwayo Gimpel Software. Kuanzia miaka ya 1980 kampuni hii iliuza programu inayokagua programu nyingine zilizoandikwa kwa lugha ya C na kuonyesha makosa ambayo mwandishi hakuyaona. Wateja wa kompyuta za kawaida waliuziwa toleo liitwalo PC-lint, likiwa tayari katika lugha ya mashine. Shida ilikuwa kwa wateja wa Unix. Sun, HP, DEC na IBM kila mmoja alikuwa na mashine zake, na programu iliyoandaliwa kwa mashine ya huyu haikuendeshwa kwenye mashine ya yule. Kampuni ndogo isingeweza kununua kompyuta ya kila aina ili iandae toleo la kila mteja. Gimpel ikapata suluhisho: toleo la Unix, lililoitwa FlexeLint, liliuzwa kama msimbo chanzo wa C, lakini uliovurugwa. Mteja aliupokea, akaugeuza kuwa lugha ya mashine kwenye kompyuta yake mwenyewe, na ukafanya kazi. Aliyetaka kuusoma ili aige hakupata kitu cha maana.

Hapo usiri haukuwa sababu ya kwanza. Sababu ya kwanza ilikuwa kumfikia mteja aliyekuwa na mashine ambayo muuzaji hajawahi kuiona, na kuvuruga kulikuja kama sharti la kufanya hivyo bila kugawa bure kazi ya miaka.

Mifumo ya Ukonga iko katika hali inayofanana na hiyo kwa njia nyingine. PHP, lugha iliyotolewa kwa umma na Rasmus Lerdorf mwaka 1995, haigeuzwi kuwa lugha ya mashine kabla ya kumfikia mteja. Seva huisoma kama ilivyoandikwa, kila ukurasa unapofunguliwa. JavaScript, iliyoandikwa na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape mwaka huo huo, ndiyo ya wazi zaidi, kwa maana msimbo wake hushushwa hadi kwenye kivinjari cha kila anayetembelea ukurasa. Anayeuza kazi iliyoandikwa kwa lugha hizi na kuiweka kwenye mashine ya mteja amemkabidhi mteja maandishi yenyewe, apende asipende. Kilichobaki mikononi mwake ni kuamua maandishi hayo yatasomeka kwa kiasi gani.

Kwa upande wa JavaScript kuna sababu ya kawaida kabisa isiyohusu siri, nayo ni uzito. Maktaba ya msimbo iitwayo jQuery, ambayo iko wazi kwa kila mtu na imetumika katika tovuti nyingi mno duniani, hutolewa katika sura mbili. Toleo la 3.6 likiwa na maelezo na nafasi zake zote lina karibu KB 290. Likibanwa, majina yakifupishwa na nafasi zikiondolewa, linashuka chini ya KB 90. Kwa mtu anayenunua bando la siku, tofauti hiyo katika kila ukurasa ina maana. Kubana namna hii ni ndugu wa kuvuruga, ila nia yake ni nyingine, na mkaguzi mzuri wa msimbo hujua kuvitofautisha.

Sababu iliyo kubwa kuliko zote kwa mtengenezaji mdogo ni kulipwa. Wauzaji wengi wa mifumo wameacha kudai fedha yote kwa mkupuo, kwa sababu mwenye duka hana milioni za kutoa siku moja. Wanaweka ada ya mwezi au ya mwaka, na ndani ya programu kuna mistari inayouliza kama leseni bado hai. Ni kama LUKU, umeme wa kulipia kabla: namba ikiingizwa, huduma inaendelea, siku zikiisha, inasimama. Lakini msimbo ukiwa wazi, ukaguzi huo wa leseni ni mstari mmoja unaoanza na neno "if". Mtu akiufuta, leseni inakuwa ya milele. Hakuna biashara ya ada ya mwezi inayoweza kusimama juu ya mstari ambao mpwa wa mwenye duka anaweza kuufuta akiwa likizo.

Njia inayotumika sana kwa PHP ni ionCube, bidhaa ya kampuni ya Uingereza ambayo imekuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Inavuka mipaka ya kubadilisha majina: hugeuza msimbo kuwa maagizo ya ndani ya PHP, huyafunga kwa usimbaji, na kuruhusu muuzaji aweke tarehe ya mwisho au jina la seva inayoruhusiwa. Upande wa mteja inahitajika programu saidizi ya kuyafungua wakati wa kuendesha. WHMCS, mfumo unaotumiwa na kampuni nyingi za kuhosti tovuti kutoza wateja wao, unauzwa namna hiyo. Kinachofaa kuigwa kwa WHMCS ni mgawanyo wake: kiini kimefungwa, lakini kurasa za muonekano na sehemu za kuunganishia mifumo mingine zimeachwa wazi, ili mteja aweke rangi zake, lugha yake na njia yake ya malipo bila kumsumbua muuzaji.

Mtu anaweza kuuliza sheria iko wapi. Ipo, na ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inazitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi za maandishi zinazolindwa, sawa na vitabu. Hakimiliki inaanza pale kazi inapoandikwa, na inadumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. COSOTA ndicho chombo kinachosimamia sheria hiyo Tanzania Bara, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo ina kifungu cha kuwaadhibu wanaotumia kompyuta kuvunja haki za ubunifu.

Pengo liko mahali pawili. Kwanza ni muda na gharama. Kijana anayeuza mfumo kwa laki kadhaa hawezi kumwajiri wakili wa kufuatilia nakala tano zilizotapakaa Temeke na Kinondoni. Pengo la pili ni zito zaidi, na wengi hawalijui: hakimiliki hulinda maandishi, haimlindii mtu mawazo yake. Mkataba wa TRIPS, unaosimamia haki hizi katika nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, unasema wazi kwamba mawazo, taratibu, mbinu za utendaji na dhana za kihisabati hazimo. Mtu akiusoma msimbo wako, akaelewa jinsi ulivyopanga hesabu ya dawa zinazokaribia kuisha muda wake, kisha akaiandika upya kwa maneno yake, huenda hajavunja hakimiliki hata kidogo. Kinachoweza kumzuia ni kutoelewa alichokisoma. Mkataba huo huo unalinda pia siri za biashara, lakini kwa sharti kwamba mwenye siri awe amechukua hatua za kutosha kuitunza. Aliyeacha msimbo wake wazi kwenye kompyuta ya kila mteja atapata tabu kumshawishi hakimu kwamba ilikuwa siri.

Watengenezaji wana sababu nyingine wasiyoitangaza sana: lawama. Mfumo ukiwa wazi, fundi wa mtaani aliyeitwa kuweka printa anaweza kuingiza mkono kwenye faili moja ili "arekebishe kidogo". Kesho yake stoo inasema kuna katoni kumi za dawa wakati rafu iko tupu, na simu inayopigwa ni ya mtengenezaji wa kwanza. Mbaya zaidi ni mfanyakazi wa kaunta anayeelewa kompyuta. Mauzo ya siku yanaweza kupunguzwa kwa kubadilisha mstari mmoja wa hesabu, na mwenye duka akaendelea kuamini ripoti ya jioni. Tangu mashine za risiti za kodi ziitwazo EFD zilipoanza kutumika nchini mwaka 2010, na baadaye mifumo ya duka ilipoanza kuunganishwa moja kwa moja na Mamlaka ya Mapato, takwimu za kaunta zimekuwa pia takwimu za kodi. Msimbo usioguswa kirahisi unamsaidia kila mmoja anayetaka kujua nani alifanya nini.

Kwa sababu zote hizi, kumlaumu mtengenezaji mdogo kwamba anaficha kazi yake ni kutomtendea haki. Anachokificha ndicho mtaji wake. Hana ghala wala gari, na benki haitaki kuchukua mistari ya PHP kama dhamana.

Lakini kuvuruga kuna kikomo, na anayeuza au kununua apaswa kukijua. Mwaka 2001 watafiti saba, wakiwemo Boaz Barak, Oded Goldreich na Amit Sahai, walithibitisha kihisabati kwamba haiwezekani kuwa na mbinu moja ya kuvuruga inayoweza kuficha kila programu kikamilifu. Mwaka 2020 Sahai pamoja na Aayush Jain na Huijia Lin walionyesha kwamba aina fulani ya kuvuruga yenye msingi imara inawezekana, ila ni kwenye karatasi za wanahisabati. Kwa mashine za leo bado ni nzito mno. Zinazouzwa madukani zote huvunjika mbele ya mtu mwenye ujuzi, subira na sababu ya kutosha. Mashine inayoendesha msimbo lazima hatimaye ielewe inachoambiwa, na mashine hiyo iko mikononi mwa mteja. Kinachonunuliwa ni muda, pamoja na kumkatisha tamaa mwizi mvivu. Kwa mfumo wa duka la Ukonga, ambao wezi wake wengi ni wavivu, hilo linaweza kutosha.

Kosa ambalo halisameheki ni kudhani kwamba kuvuruga kunaweza kulinda nywila. Wapo wanaoweka ndani ya msimbo funguo za kutumia huduma ya SMS za jumla au za malipo ya simu, wakiamini kwamba hazitaonekana. Zinaonekana. Kuzitoa humo ni kazi ndogo kuliko kuuelewa mfumo mzima, na anayezipata hutuma ujumbe kwa salio la mwingine.

Upande wa pili wa jambo hili unatisha zaidi, kwa sababu mbinu inayomlinda mtengenezaji mwaminifu ndiyo inayomficha mhalifu. Mwaka 2018 Google ilipiga marufuku viongezo vya kivinjari cha Chrome vyenye msimbo uliovurugwa, ikieleza kwamba zaidi ya asilimia 70 ya viongezo hatari au vilivyokiuka sera ilivyovizuia vilikuwa na msimbo wa namna hiyo. Kubana kwa ajili ya kupunguza uzito kuliendelea kuruhusiwa. WordPress nayo haipokei kwenye ghala lake rasmi viongezo visivyosomeka. Na mwezi Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili inayotumika katika mifumo mingi ya Linux. Programu hiyo iko wazi kwa ulimwengu mzima. Aliyepanda mlango huo alivuruga vipande vyake na kuvificha ndani ya mafaili yaliyoonekana kuwa ya majaribio tu, ili yeyote anayekagua apite bila kushtuka.

Mtu anayepakua mfumo uliochakachuliwa, yaani wa kulipia ambao mtu mwingine ameuvunja leseni na kuugawa bure, anaalika hatari hiyo hiyo nyumbani. Mwaka 2014 kampuni ya usalama ya Fox-IT ya Uholanzi ilieleza kuhusu CryptoPHP, mlango wa siri uliosambazwa ndani ya viongezo na mandhari za tovuti zilizochakachuliwa, na tovuti maelfu zikaathirika. Aliyezipakua alidhani ameokoa fedha. Kwa zahanati ya Ukonga yenye majina na vipimo vya wagonjwa, hasara haiishii kwenye kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, inamwajibisha anayezitunza taarifa hizo, na "nilidanganywa na aliyeniwekea mfumo" haitarudisha siri ya mgonjwa.

Hata mfumo halali uliofungwa una gharama kwa mnunuzi. Unategemea programu saidizi iendane na toleo la PHP, na matoleo hayasubiri mtu. PHP 8.0 ilipotoka Novemba 2020, ionCube haikutoa programu saidizi yake. Iliruka na kuja na ya 8.1 baadaye. Waliokuwa na msimbo uliofungwa walibaki kwenye matoleo ya zamani hadi wauzaji wao walipoufunga upya. Kampuni kubwa hufunga upya. Kijana aliyepata ajira Dodoma na kubadilisha laini ya simu huenda asifanye hivyo. Kompyuta ya duka ikiharibika na kuwekwa nyingine yenye XAMPP mpya, mfumo uliolipiwa unagoma, na hakuna fundi mwingine anayeweza kuusaidia kwa sababu hakuna kinachosomeka.

Hapo ndipo hoja ya mtengenezaji inapaswa kukutana na haki ya mnunuzi, na zipo njia zilizokwisha kujaribiwa. Moja ni kutompa mteja msimbo kabisa na kuendesha programu kwenye seva ya mbali. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania 2008, imefanya kazi hivyo tangu mwanzo: msimbo wa hesabu zake haujawahi kufika mkononi mwa mteja, hivyo hapakuwa na cha kuvuruga. Hadi 2015, mashine zilizoendesha M-Pesa ya Kenya zilikuwa Ujerumani. Njia hiyo inahitaji mtandao wa uhakika, na mwenye duka wa Gongo la Mboto anayeuza wakati intaneti imekatika hawezi kuitegemea kwa kila kitu.

Njia nyingine ni kuacha kila kitu wazi na kuuza huduma. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na kazi hiyo iliwezekana kwa sababu msimbo wa OpenOffice ulikuwa wazi. Hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa ya kutia Kiswahili ndani yake. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006 kisha ukaenea nchi nyingi. DHIS2, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, inabeba takwimu za afya za wilaya zetu, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameichangia kwa miaka mingi. Fundi akiondoka, mwingine anaendelea. Lakini miradi hii ilikuwa na wafadhili na vyuo nyuma yake. Kumwambia kijana wa Ukonga mwenye wateja ishirini aachie msimbo wake wazi na aishi kwa kuuza huduma ni kumpa ushauri ambao haujafika mtaani kwake.

Serikali imechagua njia yake. Mwaka 2023 mfumo wa ununuzi wa umma uitwao NeST, uliojengwa na wataalamu wa ndani, ulianza kuchukua nafasi ya TANePS, ambao ulikuwa umetengenezwa na kampuni ya nje. Kwa taasisi inayoendesha zabuni za nchi nzima, kushindwa kurekebisha mfumo wake bila kumsubiri mtu aliye ng'ambo ni udhaifu mkubwa.

Duka au shule haiwezi kujenga mfumo wake. Inachoweza ni kuandika makubaliano kabla ya kutoa malipo ya kwanza, na hapa ndipo nguvu ya mnunuzi mdogo ilipo. Msimbo uvurugwe, sawa. Lakini nakala inayosomeka iwekwe mahali pa amana, kwa wakili au mtu wa tatu anayeaminiwa na pande zote, pamoja na maandishi kwamba itatolewa kwa mteja iwapo mtengenezaji atafariki, ataacha kazi au hatapatikana kwa kipindi kilichotajwa. Katika nchi zenye soko kubwa la programu kuna kampuni zinazoishi kwa kutunza amana hizo; hapa kwetu hati moja yenye mhuri inaweza kuanza kazi hiyo. Leseni ikiisha, mfumo uzuie kuingiza mauzo mapya tu, na uache ripoti za zamani zisomeke. Kumfungia mwenye shule matokeo ya wanafunzi wake wiki ya kufunga muhula kwa sababu ya deni la ada ni kumtoza mtoto deni la mtu mzima, na hakuna hoja ya hakimiliki inayohalalisha jambo hilo.

Halafu kuna jambo ambalo wenye maduka wengi hawaambiwi. Programu na kumbukumbu zake ni vitu viwili. Kuvuruga msimbo hakugusi kumbukumbu za mauzo, stoo na wateja, ambazo kwenye XAMPP hukaa katika hifadhidata ya MariaDB na zinaweza kutolewa zote kama faili moja kwa kutumia phpMyAdmin, iliyomo ndani ya kifurushi hicho hicho. Msimbo ni mali ya aliyeuandika. Kumbukumbu ni mali ya duka. Nywila ya hifadhidata inapaswa kuandikwa kwenye karatasi na kukabidhiwa kwa mwenye duka siku mfumo unapowekwa, na nakala ya kumbukumbu itolewe kwenye flashi kila Jumamosi jioni baada ya kufunga hesabu. Mtengenezaji anayekataa kutoa nywila hiyo anafunga kitu ambacho hakukiandika, na mwenye duka ana haki ya kutafuta mwingine kabla hajatoa malipo.